Mtakatifu Mwenye Jiwe Mkono wa Kushoto

Valdorna, tarehe 8 Machi 1497

Gasparo, mdogo wangu,

Padri Lunardo alitangaza Jumapili, kabla ya baraka ya mwisho, kwamba umekubaliwa kuweka picha mpya juu ya altare ya Mtakatifu Yeronimo, na kwamba mtakatifu atakuwa na uso wako. Alilisema hilo bila kucheka. Sisi wengine tulijitahidi.

Nakusalimu, pamoja na wifi yangu Lucrezia na watoto. Betta amejifungua msichana, mjukuu wangu wa tatu, na amempa jina la mama yetu. Goti langu limevimba tangu theluji ianguke. Mbuzi mweusi alikufa, tukamla, alikuwa mgumu.

Mchukuzi wa chumvi amepita hapa akitoka upande wa Trento, na ana habari za mdogo wetu Bortolo. Anachoma mkaa msituni kwa tajiri mmoja wa huko. Tangu Krismasi anakohoa damu. Huu ni mwaka wa kumi na moja tangu hakimu ampige marufuku kukanyaga ardhi ya Venezia, hata huku kwetu, kwa kifo cha Vettor. Akivuka mpaka, mtu yeyote anaweza kumkamata, naye atanyongwa. Mchukuzi anasema msimu mwingine wa baridi kule hataumaliza.

Nimekwenda tena kwa Mama Menega. Unaijua sheria: mama wa marehemu akitia mkono kwenye hati ya amani, marufuku huondolewa. Nilimkuta anapepeta mtama.

Nikamwambia, "Mama Menega, mtoto wetu anakufa."

Akasema, "Wangu alishakufa, Orsola. Kwani nimesema sisamehe? Nimesema simsamehe asiyefanya. Niletee aliyempiga Vettor jiwe, aseme kwa kinywa chake, nami nitatia mkono siku hiyo hiyo. Sasa sogea, unanizibia upepo."

Nikasogea. Kutoka Venezia mpaka hapa ni safari ya siku tano.

Dada yako,
Orsola

*

Venezia, tarehe 2 Aprili 1497

Dada Orsola,

Barua yako imenifikia nikiwa na shughuli nyingi za Pasaka. Sote hatujambo. Lucrezia ameshonewa mikono mipya ya gauni, hariri ya kijani, na wanawake wa mtaani hawalali kwa wivu. Mwanangu mkubwa anajifunza Kilatini. Mpe Betta pongezi. Goti lipake mafuta ya bata.

Naona Padri Lunardo hakueleza vizuri, na watu wa Valdorna hamkuelewa vizuri, jambo lisilonishangaza. Huku mjini ni desturi ya watu wenye heshima kutoa uso wao kwa mtakatifu wanayemheshimu. Si majivuno. Ni toba. Nimependekezwa kugombea uongozi wa chama cha Mtakatifu Yeronimo hapa, na wanachama wanapenda kuona mtu anatubu kwa namna inayoonekana.

Mkataba nimeusimamia mwenyewe. Fundi Ambroso atachora: mtakatifu amepiga goti jangwani, kifua wazi, jiwe mkononi, fuvu la mtu, kitabu kimefunguliwa, msalaba mdogo uliochomekwa kwenye ufa wa mwamba, simba amelala, kofia nyekundu ya kikardinali iko chini, na yule ndege mdogo mwenye paji jekundu. Kofia nimetaka iwe mbele kabisa na itiwe rangi ya kwanza, ile ya ghali, si ile ya watia rangi nguo. Kila kitu kina maana yake. Sina nafasi ya kukueleza yote.

Jambo moja. Fundi huyu ni hodari, na huupaka mwanga ndani ya picha utokee upande ule ule wa dirisha la kweli la kanisa. Nimemwambia dirisha liko kushoto ukiitazama altare. Thibitisha.

Yale mambo mengine ya kando ya mto yalikwisha kuamuliwa na hakimu, na mimi simpingi hakimu.

Gasparo

*

Valdorna, tarehe 21 Aprili 1497

Gasparo,

Dirisha liko kulia. Ulikaa chini yake kila Jumapili kwa miaka kumi na minane, ukijikuna. Nimekwenda kuhakikisha hata hivyo, kwa sababu wewe umesema kushoto na mimi si mtu wa kumpinga mwenye hariri ya kijani. Bado liko kulia.

Tumepanda maharage. Mtoto wa Betta ananyonya vizuri. Mafuta ya bata sina, bata sina. Wasalimie wa nyumbani kwako.

Umesema huna nafasi ya kunieleza maana ya vitu vilivyomo katika picha. Nitakueleza mimi, maana baba alitufundisha sote watatu kusoma kwa fimbo ile ile, na maisha ya Mtakatifu Yeronimo ndicho kitabu pekee alichokuwa nacho.

Jiwe: alijipiga nalo kifuani mpaka ngozi ikachanika, kwa sababu ya dhambi zake mwenyewe, si za jirani. Fuvu: alikuwa akilitazama ili asisahau kwamba atakufa. Mtu anayekumbuka hilo hahitaji miaka kumi na moja kufanya safari ya siku tano. Kofia: aliitupa. Wewe umeitaka mbele kabisa, kwa rangi ya kwanza. Huko si kuitupa, huko ni kuianika. Simba: alitolewa mwiba mguuni, akamfuata mtakatifu maisha yake yote kwa shukrani. Nimejaribu kumfikiria kiumbe mmoja wa Valdorna ambaye angekufuata wewe kwa shukrani. Msalaba: mtakatifu anautazama. Mwambie fundi akuchore ukiutazama, maana najua utataka kututazama sisi.

Ndege namwacha. Ndege hana kosa.

Sasa kando ya mto. Katika jalada la hakimu imeandikwa hivi, karani alinisomea: siku ya kuosha sufu, vijana watatu waligombana, yaani Vettor wa Menega na wana wawili wa Zuccarin. Vettor alipigwa jiwe upande wa kulia wa kichwa, akaangukia majini. Gasparo Zuccarin aliapa kwamba hakushika kitu. Kinyozi, ambaye ndiye tabibu wa hapa, alimkagua maiti akasema jiwe lililompata upande huo limetoka mkono wa kushoto. Hakimu akauliza nani kati yenu ni shoto. Ukajibu, "Ni mdogo wangu." Bortolo alikuwa na miaka kumi na sita. Ni kweli ni shoto. Hakimu hakuuliza jambo jingine lolote.

Ninalolijua mimi, siliandiki.

Bortolo ameniletea salamu kwa mchukuzi yule yule. Anauliza kama wewe hujambo.

Orsola

*

Venezia, tarehe 30 Juni 1497

Dada Orsola,

Nilichelewa kukujibu kwa sababu barua yako haikuwa na swali.

Huku joto limezidi, mifereji inanuka, lakini hatujambo. Lucrezia ni mjamzito. Nimepata shehena nzuri ya sufu ya Uingereza, laini kuliko yote mliyowahi kuosha ninyi kwenye kile kijito.

Picha imekaribia kwisha. Uliponiandikia habari ya dirisha, Fundi Ambroso alikuwa ameshamaliza kuchora karatasi yake kubwa. Wao hutoboa mistari yote kwa sindano, wanaibandika karatasi juu ya ubao, kisha wanaipiga kwa kitambaa chenye vumbi la mkaa, na mchoro unabaki ubaoni kwa vitone. Nilidhani ataanza upya. Akacheka, akaigeuza karatasi nyuma-mbele, akaipiga vumbi upande wa pili. Mwanga ukahamia kulia papo hapo. Hivyo ndivyo watu wenye akili wanavyofanya kazi.

Uso ameuchora mwisho, nimekaa mbele yake siku tatu. Juzi nilikwenda kuutazama. Ni mimi kabisa. Hata Lucrezia alinyamaza. Ndiyo, nawatazama ninyi. Fundi anasema ndiyo mtindo.

Picha itapanda na wachukuzi mwishoni mwa Agosti, ifunuliwe siku ya mtakatifu, tarehe 30 Septemba. Mwambie Padri Lunardo afagie kanisa. Mimi sitafika, uchaguzi wa chama umekaribia. Na usiniandikie tena jina la yule mtu. Barua zangu husomwa na karani wangu, na hapa mimi ni mtu wa heshima.

Gasparo

*

Valdorna, tarehe 3 Oktoba 1497

Gasparo,

Picha ilifunuliwa Jumamosi, baada ya misa ya pili, mbele ya watu wapatao mia mbili, wengi wao wakiwa wamekuja kwa sababu Padri Lunardo aliahidi jibini na divai. Nakuandikia niliyoyaona na kuyasikia.

Kwanza salamu. Nimefurahi Lucrezia ni mjamzito, ajitunze. Goti limepona lenyewe. Maharage yaliliwa na wadudu.

Shuka lilivutwa. Watu wakanyamaza, kwa kuwa ni kazi nzuri, hilo silikatai. Miamba ni miamba. Simba ana sura ya mbwa wa mwokaji, lakini mbwa yule anapendwa. Mwanga unatoka kulia, sawasawa na dirisha, unaupiga ule ubavu ulio wazi mpaka unadhani mtu anapumua. Ni uso wa nyumba yetu: pua ya baba, kidevu cha baba. Na jiwe liko mkono wa kushoto.

Aliyesema wa kwanza ni Zorzi fundi cherehani. Alisema kwa sauti ya mtu anayejisemea mwenyewe, ambayo kwake ni sauti ya mpiga mbiu: "Jamani. Si Bortolo huyu?"

Mke wake akamwambia, "Funga mdomo, tuko kanisani."

"Nafunga. Lakini huyu ni shoto, na ana jiwe, na pua ni ya Zuccarin. Niambie ni nani mwingine. Mama yako?"

"Ni Gasparo, padri alisema ni Gasparo."

"Gasparo ana tumbo. Huyu tazama mbavu. Huyu ni mtu wa kula mkaa."

Kuanzia hapo halikuzuilika. Padri Lunardo alipanda ngazi ya altare akaeleza kwamba huyo ni Mtakatifu Yeronimo katika sura ya mfadhili. Mtu wa nyuma akauliza mfadhili ameanza lini kutumia kushoto. Padri akatazama picha, akatazama mkono wake mwenyewe, akatazama picha tena, akasema jibini liko tayari.

Elewa jinsi walivyoichukua. Hawakucheka, walihuzunika. Kina mama walikuwa wanasema, "Masikini Bortolo, miaka yote anajipiga kifua." Kufikia jioni palikuwa na mishumaa saba. Jana niliikuta ishirini na miwili. Wanaiita "altare ya Bortolo." Mke wa mwokaji, aliyemtemea mate Bortolo siku anaondoka, amempelekea mkate na kuuweka chini ya ile kofia yako ya rangi ya kwanza. Wachukuzi wa sufu wanashuka Venezia wiki hii, na nimesikia wakisimuliana. Utakapokutana nao bandarini, usishangae wakikupongeza kwa kumkumbuka mdogo wako.

Mama Menega alibaki watu walipokwenda kwenye jibini. Alisimama karibu sana, maana macho yake yameanza kuingia ukungu. Nikasimama naye.

Akasema, "Mkono wa huyu, uso wa yule."

Nikasema, "Ndiyo."

"Mchoraji alijua?"

"Hakujua. Aligeuza karatasi."

"Basi karatasi ina akili kuliko hakimu," akasema, akaenda kuchukua jibini lake.

Fundi wako aliugeuza mkono wakati wewe unautazama uso. Ulikwenda kuikagua picha ya toba yako, ukaona pua.

Bortolo hajashuka kitandani tangu katikati ya Septemba.

Orsola

*

Venezia, tarehe 14 Oktoba 1497

Orsola,

Salamu zitasubiri.

Wachukuzi wamefika. Kwenye ghala la sufu, mbele ya wenzangu wawili wa chama, mtu wa Valdorna mwenye meno mawili alinishika bega akaniambia, "Bwana Gasparo, Mungu akubariki, umemweka mdogo wako altareni." Wenzangu wakauliza mdogo gani. Sijawahi kuwaambia kwamba nina mdogo.

Nimekwenda kwa Ambroso. Nimemwambia ahamishe jiwe. Anasema mkono haung'olewi kama kucha. Akiugusa, ubavu wote utaharibika. Kisha akaniambia, na wanafunzi wake wanasikia, "Bwana, si ulikuja mwenyewe? Si ulisema ni wewe kabisa?" Wakacheka wote.

Sikilizeni vizuri ninyi walaji wa mtama. Huyo ni MIMI. Uso ni wangu, toba ni yangu, altare ni yangu. Nilikaa siku tatu kwenye kigoda nikichorwa. Halafu mkate na mishumaa aletewe Bortolo! Bortolo ajipige kifua kwa lipi? Hakushika jiwe lolote maishani mwake. Siku ile alikuwa amechuchumaa nyuma ya magunia ya sufu analia kama mtoto wa mbwa, na hakutoka mpaka Vettor alipotolewa majini. Huyo ndiye mnayemwashia mishumaa? Mwoga asiyeweza hata kurusha kokoto?

Naambatanisha hati niliyoiandikisha leo kwa mwandishi wa hati wa hapa, yenye mhuri na mashahidi wawili. Inasema kwamba mtubu aliye katika picha ya Valdorna ni mimi, Gasparo Zuccarin, ninayetubu kosa langu mwenyewe, na si ndugu yangu wala mtu mwingine. Mwandishi aliniuliza kama nataka kutaja kosa. Nikamwambia sentensi inatosha. Mpe Padri Lunardo aisome mimbarini na kuibandika mlangoni. Uchaguzi wa chama ni baada ya Krismasi, nataka jambo hili liwe limekwisha.

Gasparo

*

Valdorna, tarehe 4 Novemba 1497

Gasparo,

Hati yako ilisomwa mimbarini Jumapili tarehe 22 Oktoba na bado iko mlangoni. Zorzi aliisoma mara tatu, akasema angalau sasa tunajua ni nani mwenye tumbo. Mishumaa haikupungua. Nawasalimu wote nyumbani, hasa Lucrezia, ambaye hana kosa katika haya.

Pamoja na hati kulikuwa na barua. Barua hukuniambia niipe padri, hivyo sikumpa. Jumatatu niliipeleka kwa Mama Menega nikamsomea, pale palipo na magunia nikamsomea mara mbili, kwa kuwa aliniomba.

Kisha akasema, "Miaka kumi na moja nimeomba asikie uchungu aseme. Kumbe dawa yake ilikuwa kuonewa wivu."

Nikamwambia si wivu wetu, ni wake.

"Vyovyote. Twende."

Tukaenda wote wawili kwa karani wa mahakama. Aliilinganisha sahihi ya barua na ile ya hati yenye mhuri, akakubali ni mkono mmoja. Aliandika ifuatavyo: kwamba Gasparo Zuccarin, aliyeapa mwaka 1486 kwamba hakushika kitu na kumtaja mdogo wake kuwa ndiye shoto, sasa anasema kwa mkono wake kwamba mdogo huyo alikuwa nyuma ya magunia na hakurusha, kwamba vijana pale walikuwa watatu, mmoja maiti, mmoja nyuma ya magunia, na kwamba wa tatu ameandikisha mbele ya mashahidi kwamba anatubu kosa lake mwenyewe. Karani alipomaliza aliniuliza kama kuna la kuongeza.

Nikaongeza. Nakueleza nilichosema, usije ukasikia kwa wachukuzi. Siku ile sikuwa nyumbani. Nilikuwa kwenye ngazi ya kufulia, hatua kumi na tano kutoka kwenu. Vettor alikuwa amegeuza kichwa kucheka na wasichana, ndiyo maana jiwe lilimpata upande wa kulia, na lilitoka mkono wa kulia, na mkono ulikuwa wako. Hakimu hakuwaita wanawake. Angeniita, sijui ningesema nini. Nilikuwa mjane mwenye watoto watatu, na wewe ndiye uliyekuwa unatulisha. Nimekuandikia mengi mwaka huu kuhusu kuanika kofia. Yangu niliificha chini ya kitanda miaka kumi na moja, na sidhani kama ina nafuu yoyote kuliko yako.

Karani aliandika na hilo.

Yaliyoamriwa ni haya. Marufuku ya Bortolo imesimamishwa kwa siku nane kuanzia Ijumaa tarehe 17, na mchukuzi ameondoka leo asubuhi na hati ya kupita, blanketi na nyumbu. Mama Menega amesema mgonjwa atalala kwake, kwa kuwa nyumba yake iko karibu na mahakama na haina ngazi. Wito wako utaletwa mlangoni kwako na tarishi wa serikali. Barua hii huenda ikamtangulia kwa siku moja au mbili. Mama Menega anakukumbusha kwamba alisema aseme kwa kinywa chake, na kwamba karatasi si kinywa. Ukisema, atatia mkono hati mbili, ya Bortolo na yako. Usipofika, atatia moja, na hukumu itatolewa bila wewe.

Kesi itasikilizwa Jumatatu tarehe 20 Novemba, baada ya kengele ya saa tatu asubuhi, katika ukumbi wa chini.

Orsola